Ada za majukwaa ya nyumba za wageni zimehama mfuko: hesabu yangu ya Jambiani, leteni na zenu

Jambiani Kwetu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Nina nyumba ya vyumba viwili Jambiani, Unguja. Nyumba ya mawe, paa la makuti, ukitoka barazani unaona wanawake wanashuka kwenye mwani. Aliijenga marehemu baba, mimi na dada yangu tukaikarabati, na tangu 2017 tunapokea wageni wa siku chache. Msimu uliopita ulipokwisha nilikaa na dada tukafungua daftari. Nyumba ilijaa kuliko mwaka wa nyuma yake, lakini pesa iliyoingia benki ilikuwa pungufu. Umeme tulinunua zaidi, maji ya boza tuliita mara nyingi zaidi, mashuka yamechakaa, halafu salio limeshuka. Tulirudia hesabu mara tatu tukidhani tumekosea kujumlisha.

Hatukukosea. Ada za majukwaa, yaani mitandao ambako wageni wanabuku nyumba, zilikuwa zimebadilika na sisi bei yetu tuliiacha ilivyokuwa. Nataka tulijadili hili kwa kina, kwa sababu naona watu wengi wanalalamika "ada zimepanda" bila kujua zimepanda upande gani.

Chukua mfano wa Airbnb, maana viwango vyake viko wazi. Kwa miaka mingi ada iligawanywa: mwenye nyumba anakatwa asilimia 3, na mgeni anaongezewa kama asilimia 14 juu ya bei yako. Kukawa na mfumo wa pili ambapo mwenye nyumba anabeba yote na mgeni haongezewi kitu. Tarehe 27 Oktoba 2025 waliokuwa wanatumia programu za kuunganisha kalenda na bei za majukwaa mengi walihamishiwa huo mfumo wa pili, kwa asilimia 15.5, na sisi tukiwemo. Mtu akisikia 3 imekuwa 15.5 anaona ameibiwa. Mwingine anamjibu kwamba hakuna kilichobadilika, maana mgeni halipi tena ile 14. Wote wawili wana nusu ya ukweli, na hasara inapatikana katikati yao.

Fuatana nami taratibu. Bei yangu ni dola 60 kwa usiku, usafi dola 20 kwa safari nzima. Mgeni analala usiku 4. Jumla 260.

Mfumo wa zamani: nakatwa 3%, yaani 7.80, napata 252.20. Mgeni anaongezewa 14%, yaani 36.40, analipa 296.40.

Mfumo mpya, mimi nimelala sijagusa bei: nakatwa 15.5%, yaani 40.30, napata 219.70. Mgeni analipa 260.

Mmeona? Mgeni amepata punguzo la dola 36.40 ambalo hakuliomba, na dola 32.50 katika hizo zimetoka kwangu. Kwetu Jambiani hiyo ni pesa ya umeme na maji ya mgeni huyo kwa siku zake zote, na inabaki.

Ili nirudi kwenye 252.20 yangu natakiwa nigawanye kwa 0.845. Jibu ni 298.46. Mgeni angelipa dola mbili tu zaidi ya alizokuwa analipa zamani, na mimi nisingepoteza kitu. Dawa ilikuwa kupandisha bei kwa karibu asilimia 15 siku ileile. Sisi tulikaa msimu mzima.

Angalieni na lile fungu la usafi. Kamisheni inakatwa kwenye jumla, na usafi umo ndani. Katika zile dola 20 jukwaa linachukua 3.10. Ile pesa si yangu, ni ya jirani yetu anayefua mashuka na kupiga deki. Yeye nampa ujira wake wote, na 3.10 naijaza mimi. Kwa wageni 40 kwa mwaka ni dola 124. Nilipoiona hiyo namba ndipo nilipoamua kuandika hapa.

Leteni uzoefu wenu. Wa Diani, Watamu, Lamu, Arusha, na ninyi mlioko nje. Na wanaolala kwenye hizi nyumba pia waseme, maana na wao wanaumia.

Mama Wawili, Diani

Shukran kwa uzi huu, ndugu yangu. Mimi nasimamia fleti tatu Diani, mbili si zangu, kwa hivyo kila mwisho wa mwezi lazima nimweleze mwenyewe kwa nini amepata kidogo. Umeeleza kamisheni. Wacha niongeze kuhusu mapunguzo, kwa sababu hapo ndipo kwangu kunauma.

Booking.com kamisheni yao ya kawaida inazunguka asilimia 15, na ukiingia kwenye mpango wa washirika wanaopewa kipaumbele unaongeza 3 unafika 18. Hiyo kila mtu anaijua. Lakini kuna punguzo la Genius kwa wanachama wao, kuanzia asilimia 10, na hilo linatoka kwa mwenye nyumba. Kuna bei ya simu, yaani punguzo kwa anayebuku kwa simu, hiyo nayo kuanzia 10. Ukishawasha zote mbili, zinapandiana.

Weka shilingi 10,000. Mgeni wa Genius: 9,000. Amebuku kwa simu: 8,100. Toa kamisheni ya 15, yaani 1,215. Umebaki na 6,885. Kama ankara yako inakuja na VAT, hapa Kenya ni 16% juu ya ile kamisheni, toa 194 nyingine. Asilimia 2 ya Tourism Fund, tozo ya utalii, bado inakusubiri. Wewe ulidhani nyumba yako ni ya elfu kumi. Ni ya elfu sita na mia tano hivi.

Siku hizi nikipewa nyumba mpya kuisimamia, mwenyewe akiniambia "nataka elfu kumi", namuuliza kwanza: elfu kumi kwenye tangazo au elfu kumi mkononi? Wengi hunyamaza.

Sisemi mtu asiwashe mapunguzo. Mwezi wa tano, mvua ikinyesha na Diani iko tupu, 6,500 ni bora kuliko nyumba iliyofungwa inaota ukungu. Agosti na Desemba ndiyo nayazima yote. Ukiyasahau yakiwa yanawaka Desemba, umegawa chakula chako cha mwaka.

Mgeni wa Wikendi, Nairobi

Naomba niseme kwa upande wa tunaolipa. Mimi na mke wangu tunashuka Pwani mara mbili tatu kwa mwaka. Kilichonichosha ni bei kubadilika njiani. Mwaka juzi niliona nyumba ya KSh 6,000. Nikachagua usiku 2, nikajua ni 12,000. Kufika kwenye malipo: usafi 2,500, ada ya huduma 2,030. Jumla 16,530. Hiyo ni 8,265 kwa usiku, si 6,000. Kwa pesa hiyo kulikuwa na hoteli yenye kifungua kinywa na watu wa kukuinulia begi.

Sikukasirika kwa sababu ya kiasi. Nilikasirika kwa sababu niliambiwa namba moja nikalipa nyingine, na tayari nilikuwa nimemwonyesha mke wangu picha.

Na kuna hii nyingine watu hawaioni. Tangu Aprili 2024, Airbnb ukilipa kwa sarafu tofauti na ile aliyoweka mwenye nyumba, ada ya mgeni inaweza kuongezeka hadi asilimia 2 nyingine. Nyumba nyingi za Pwani zimewekwa kwa dola. Mkenya analala Kenya, kwenye nyumba ya Mkenya, anaongezewa gharama za sarafu. Hiyo inaniuma kama raia.

Jambiani Kwetu

Kaka, umesema neno zito na ninalipokea kama mwenye nyumba. Mimi mwenyewe niliwahi kushusha bei ya usiku ili nionekane rahisi, nikapandisha usafi ili kufidia. Wengi tulifanya hivyo, na nyinyi ndio mliolipa. Siitetei.

Hilo la bei kamili limebadilika kidogo. Aprili 2025 Airbnb walifanya bei ya jumla, pamoja na ada, ndiyo inayoonekana kwenye utafutaji dunia nzima, kabla ya kodi. Kwa hiyo ile mbinu ya kuficha kwenye usafi haina tena faida. Nyumba yenye usafi mkubwa inaonekana ghali moja kwa moja, hasa kwa mgeni wa usiku mmoja au miwili, kwa sababu usafi unagawanyika kwa siku chache. Mgeni wa usiku 2 kwangu alikuwa anabeba dola 10 za usafi kila usiku. Wa usiku 7 hata 3 hazifiki.

Mama Wawili, asante kwa "kwenye tangazo au mkononi". Dada yangu ameiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mswahili wa Houston

Salaam kutoka Texas. Huku ninasimamia usafi na matengenezo ya nyumba za likizo za watu, kwa hiyo nimekaa na wenye nyumba waliokuwa kwenye biashara hii kabla simu haijawa na programu yoyote. Nawaletea historia, kwa sababu mnayoyaona sasa huku yalitokea zamani.

Vrbo, jukwaa la nyumba za likizo, ilianza 1995 huko Colorado. Mtu alikuwa na nyumba eneo la kuteleza kwenye theluji, akataka kuipangisha bila wakala, akatengeneza tovuti. Jina lenyewe lilikuwa ufupisho wa maneno yanayomaanisha nyumba ya likizo kutoka kwa mwenyewe. Mpango ulikuwa rahisi: unalipa ada ya tangazo ya mwaka, mgeni anakupigia, mnaelewana, pesa inakwenda moja kwa moja kwako. Tovuti haikuwa na asilimia yoyote. 2006 ikanunuliwa na kampuni ya HomeAway ya hapa Texas, mji wa Austin. Mwishoni mwa 2015 Expedia, kampuni ya safari za mtandaoni, wakainunua HomeAway kwa dola bilioni 3.9.

Miezi michache tu baadaye, mapema 2016, ikaja ada ya huduma kwa mgeni. Wenye nyumba waliwaka. Walikuwa wamelipia tangazo la mwaka mzima, wengine mamia ya dola, kwa kuamini kwamba mgeni hatozwi. Wapo waliokwenda mahakamani wakidai wameahidiwa mgeni hatatozwa kitu. Mzee mmoja ninayemfanyia kazi bado ana risiti za miaka ile. Aliniambia hasira yake haikuwa juu ya zile asilimia. Kabla ya hapo mgeni alikuwa wake, alijua jina, alijua simu, watoto wao walicheza pamoja. Baada ya hapo majina na simu za wageni yakafichwa hadi malipo yapite kwao.

Leo mwenye nyumba wa Vrbo analipia kila bukingi: 5% kamisheni na 3% ya kuchakata malipo, jumla 8, na mgeni naye anatozwa yake juu. Kutoka ada ya tangazo hadi pande zote mbili kulipa, imechukua miaka kama ishirini.

Kuhusu bei za kushtukiza, huku serikali imeingilia. California ilikataza ada zilizofichwa kuanzia 1 Julai 2024, na kanuni ya nchi nzima kwa nyumba za muda mfupi na tiketi za burudani ilianza 12 Mei 2025. Ada zipo bado. Ila lazima uione jumla mwanzoni.

Kijana wa Hesabu, Dar

Wakuu, mniruhusu nipingane kidogo. Mleta uzi, kabla ya 2017 nani nje ya Jambiani alijua nyumba ya baba yenu? Jukwaa limekuletea Mjerumani na Mpolandi bila wewe kusafiri. Kabla ya haya mambo, mwenye vyumba Zanzibar alikuwa anategemea wakala wa safari wa Ulaya, na wakala alikuwa anakupa bei yake, robo ya bei au zaidi inabaki kwake, na pesa unaisubiri miezi. Kukatwa 15.5 na kulipwa pesa yako siku moja baada ya mgeni kuingia bado ni nafuu. Naona tunalaumu daraja baada ya kuvuka.

Jambiani Kwetu

Mkuu, hoja yako ni ya kweli na ndiyo maana sijasema watu wafunge akaunti. Mgeni wetu wa kwanza alitoka Gdańsk, Poland. Tusingempata kwa kupiga mbiu ufukweni. Na mgeni aliyelipa kupitia jukwaa, akivunja kioo, kuna mahali pa kwenda. Huduma hiyo ina bei na niko tayari kuilipia.

Ninachokataa ni kulipia bila kujua. Wakala wa zamani alikuwa anakuambia waziwazi: mimi nachukua robo, wewe chukua zako. Ulisaini ukijua. Sasa hivi namba iko kwenye kurasa nne tofauti: kamisheni huku, punguzo kule, malipo ya kadi kwingine, kodi juu ya kamisheni kwingine kabisa. Kijana wangu wa darasa la saba anaweza kuzijumlisha, lakini kwanza mtu aziweke mezani pamoja.

Halafu lipo jambo la nani ana nguvu ya kubadilisha. Wakala akitaka kupandisha, mnakaa mnabishana. Jukwaa linatuma barua pepe. Moja ilikuja kwangu mwezi wa Ramadhani, ya Kiingereza, kurasa ndefu, na kilichobadilika kilikuwa kwenye aya ya sita. Nikaisoma wiki tatu baadaye.

Bi Shela, Lamu

Mwanangu, pole. Mimi nina vyumba vitatu Shela, na wageni wangu wengi ni wa kurudi. Kuna bibi wa Kiitaliano anakuja kila Januari, kaskazi ikivuma, mwaka wa tisa sasa. Yeye hunipigia mwenyewe. Kwake sikatwi kitu, na yeye haongezewi kitu, na ile tofauti tumeigawana: mimi napata zaidi kidogo, yeye analipa chini kidogo.

Ila nataka kuwaonya vijana mnaosoma hapa. Msimwambie mgeni ndani ya jukwaa "tutoke tumalizane WhatsApp". Kwanza mmekubali masharti, na mtu wetu akikubali sharti ni deni. Baadhi ya masharti yanakataza hata kumshawishi mgeni wa kurudi ahame. Yasomeni. Akaunti ikifungwa katikati ya Agosti, mtakula nini? Pili, mgeni mwenye akili akiombwa atume pesa nje anaogopa, na ana haki. Pwani yetu watu wamelizwa na matapeli wenye picha za nyumba zisizo zao. Wametumiwa pesa za Krismasi, familia imeshuka na mabegi, kufika nyumba ni ya mtu mwingine.

Kujulikana kwa njia zako mwenyewe ni jambo jingine, na hilo ni halali yako. Sisi tuna jina la nyumba kwenye ramani ya Google, tuna ukurasa mdogo, tuna leseni imetundikwa ukutani. Bango liko mlangoni lenye jina la nyumba. Mgeni akipenda, jina analijua. Akilitafuta mwenyewe, amekutafuta mwenyewe.

Msomaji wa Mikataba, Hamburg

Bi Shela amegusa masharti, naongeza hapo. Kuna kifungu kiitwacho usawa wa bei. Kinakukataza kuuza nyumba yako kwa bei ya chini kwenye tovuti yako kuliko ile iliyoko kwenye jukwaa. Yaani unakatwa 15 ukiwa jukwaani, lakini huruhusiwi kumpa mgeni hiyo 15 akija kwako moja kwa moja. Kifungu hicho kikiwepo, yale aliyofanya Bi Shela na mgeni wake yanaweza kuwa kosa.

Huku Ujerumani vita hii imepiganwa kwa miaka. Mamlaka ya ushindani iliikatalia Booking.com kifungu hicho 2015, na mahakama kuu ya nchi ikakubaliana nayo 2021. Uhispania Julai 2024 iliwapiga faini ya yuro milioni 413. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema vifungu hivyo haviwezi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa sehemu ya lazima ya huduma ya jukwaa. Na kwa sheria mpya ya masoko ya kidijitali, Booking.com waliviondoa katika eneo la Ulaya mwaka huohuo. Uswisi nao walivipiga marufuku kwa sheria yao iliyoanza Desemba 2022.

Maamuzi hayo hayavuki bahari. Mwenye nyumba wa Jambiani au Diani afungue mkataba wake na atafute maneno kuhusu bei ya chini au ulinganifu wa bei. Yakiwepo, swali la kupeleka kwa tume zetu za ushindani huko nyumbani ni hilo: kwa nini kilichoonekana dhuluma kwa hoteli ya Hamburg kiwe sawa kwa nyumba ya makuti? Wenye nyumba wakipeleka mmoja mmoja hawatasikika. Wakipeleka kama chama, labda.

Mama Wawili, Diani

Ndugu wa Hamburg, hiyo nimeihifadhi. Wacha niulize wenzangu pia: mgeni asipotokea mnafanyaje? Mimi mwaka mmoja nilitozwa kamisheni za wageni wanne ambao sikuwaona hata kivuli. Kadi zao zilikataa, na mimi sikuweka alama ya "hakufika" ndani ya muda. Ankara ikaja mwezi uliofuata, nikaandika barua pepe saba. Walirudisha za wawili. Sasa nina kengele kwenye simu, kila asubuhi saa nne naangalia nani alitakiwa kuingia jana.

Ndio Naanza, Kigamboni

Wakubwa shikamooni. Nina banda la uani nimelimalizia, chumba na sebule na choo ndani, nataka kuanza kupangisha wageni. Nimesoma uzi wote nimeogopa. Bei naipangaje? Majirani wameweka 50,000, mimi nilitaka niweke 45,000 nianze kupata watu.

Jambiani Kwetu

Marahaba. Usiogope, na hongera kwa kumaliza ujenzi, hiyo ndiyo kazi ngumu.

Usianze na bei ya jirani. Hujui jirani anabaki na nini, na inawezekana na yeye hajui. Anza na usiku mmoja wa nyumba yako. Mgeni akilala usiku mmoja, unatumia nini? Umeme, weka na kiyoyozi kama kipo, maana mgeni huwa hazimi. Maji. Sabuni, karatasi, maji ya kunywa. Mfuaji. Intaneti ya mwezi gawanya kwa siku unazotarajia kuwa na mgeni, usigawanye kwa 30, kwa sababu hutajaza siku 30. Mimi Jambiani nikigawanya kwa 15 nakuwa karibu na ukweli wa mwaka mzima, maana masika Aprili na Mei hatuna mtu. Halafu godoro, feni na rangi ya ukuta. Hivyo haviishi leo, vinakwisha taratibu, na kila mgeni anakula kipande.

Tuseme ukijumlisha umepata 22,000. Hiyo ni sakafu, chini yake unamlipa mgeni akalale kwako. Weka na unachotaka kibaki kwako, tuseme 18,000. Sasa una 40,000 mkononi. Ndipo unagawanya kwa kile kinachobaki baada ya kamisheni. Jukwaa la 15.5, gawanya kwa 0.845, unapata 47,337. Jukwaa la 15 ambalo pia una punguzo la asilimia 10 umeliwasha, gawanya kwanza kwa 0.85, kisha kwa 0.9, inakuwa 52,288. Nyumba ileile, pesa ileile mkononi, bei mbili tofauti. Kwa 45,000 yako kwenye hilo la pili ungebaki na 34,425, na zaidi ya elfu tano na mia tano za kila usiku zingepotea bila kuziona.

Majukwaa mengine yatakushawishi utoe punguzo kubwa kwa wageni wa kwanza ili upate maoni. Toa kama unataka, maoni yana thamani. Ila andika kwenye daftari kwamba hiyo ni gharama ya kujitangaza, na uweke mwisho wake. Na leseni na kodi za huko uliko ulizia mapema ofisini kwao, usingoje wakufuate.

Mgeni wa Wikendi, Nairobi

Mleta uzi, baada ya hesabu zote hizi, wewe umeamua nini? Usafi umeuacha au umeutoa? Mimi kama mgeni nataka kujua.

Jambiani Kwetu

Nimeutoa, kaka. Mimi na dada tulibishana siku mbili. Yeye alihofia kwamba tukiuingiza kwenye bei ya usiku, mgeni wa usiku mmoja ataondoka na usafi wa bure. Tukaweka usiku 3 ndio kima cha chini, isipokuwa kalenda ikiwa na pengo dogo katikati ya wageni wawili.

Bei mpya ni dola 75, imejumlisha kila kitu. Mgeni anayeona 75 analipa 75, hakuna cha kumshtua mbele isipokuwa ile bima ya lazima ya dola 44 ya kuingia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024, na hiyo tumeiandika wazi kwenye tangazo ingawa haituhusu, kwa sababu wageni wanafika uwanjani hawana habari na lawama wanatuletea sisi.

Kwa usiku 3 tunapata 190.13. Zamani tungepata 194. Tumekubali kupoteza hizo dola nne karibu. Kwa usiku 5 tunapata 316.88 mahali ambapo zamani ilikuwa 310.40. Wageni wetu wengi ni wa usiku 4 hadi 6, kwa hiyo tumepata nafuu kidogo. Mapunguzo ya simu na ya Genius yamezimwa Julai, Agosti, na kuanzia 15 Desemba hadi tarehe 10 Januari. Masika yanawaka yote. Jirani anayefua nimemwongezea, maana mashuka ya mgeni wa siku 6 ni mengi kuliko ya siku 2 na miaka yote nilikuwa nampa kiasi kilekile.

Bukingi ya kwanza kwa bei mpya imeingia juzi usiku, watu wawili, usiku 5, mwezi wa saba. Dada amefungua ukurasa mpya, safu tatu: kwenye tangazo, mkononi, na tarehe pesa ilipofika benki. Ya tatu bado iko wazi.